Sinki limeshuka chini ya granaiti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Shangani, Mtwara. Sinki langu limebandikwa kwa chini ya kaunta ya granaiti. Miezi minne tu, upande wa bomba limeshuka na maji yanachuruzikia kabatini. Aliyelifunga anasema tuongeze silikoni. Nikubali?

JIBU: Usikubali, dada yangu. Kazi ya silikoni ni kuzuia maji, si kubeba mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Sinki la lita 40 likijaa, na sufuria ya pilau imelowekwa humo, ni zaidi ya kilo 40 zinaning'inia kwenye gundi. Mimi hupitisha mbao mbili, kushoto na kulia, nikazifunga kwenye kuta za kabati, sinki likalala juu yake.

Mwambie alishushe kabisa. Akwangue silikoni yote ya zamani, kisha afute vumbi la jiwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Hapo ndipo mafundi wengi tunapoharakisha, na huniuma sana, maana jiwe lenye vumbi halishiki chochote. Silikoni mpya izunguke ukingo wote bila kukatika, sinki likazwe, likae saa 24 bila tone la maji. Ile inayonuka siki iacheni dukani. Ina asidi, na jikoni kwenye marumaru huharibu jiwe.

Kabla hajalirudisha, pitisha kidole kwenye ukingo wa granaiti uliokatwa. Ukingo ukikwaruza kidole, aung'arishe kwanza.