Programu ya Windows nje ya Windows: maswali yenu

Maalim, nina duka la dawa Mkunazini. Laptopu yangu ni ya Windows 10, RAM GB 4. Kijana mmoja ananishauri niweke Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Programu yangu ya stoo itafanya kazi?

Huenda ikafanya, kaka. Kijana hakukosea: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na mashine yako haina nguvu za kubeba Windows 11 kwa raha.

Juu ya Mint utaweka Wine, programu ya bure iliyoanza kutengenezwa mwaka 1993. Ndani yake hamna Windows. Ni kama papasi pale Forodhani: mgeni anaagiza kwa Kitaliano, papasi anamgeukia muuza pweza na kumwambia kwa Kiswahili. Programu yako ikiomba kufungua faili kwa namna iliyozoea kuiomba Windows, Wine hulipokea ombi na kuliwasilisha kwa Linux. Hakuna kompyuta ya pili inayoigizwa, ndiyo maana GB 4 zinaweza kutosha.

Balaa huanzia kwenye vidude. Kama leseni yako iko kwenye kidude cha USB, au printa ya risiti ina draiva (programu ya kukiendesha kifaa) yake maalumu ya Windows, jiandae kukwama. Draiva hutaka kuzungumza na kiini chenyewe cha Windows, na hapo hakipo.

Tovuti ya WineHQ ina orodha ya programu zilizojaribiwa, kuanzia daraja la Platinum hadi Garbage. Lakini programu iliyoandikwa na fundi wa hapahapa mjini usitarajie kuikuta humo. Azima kompyuta nyingine, weka Mint na Wine, kisha ingiza dawa, uza, chapa risiti, toa ripoti ya mwezi. Kikigoma kimoja, usiiguse laptopu ya duka.

Hapa hotelini Paje fundi anasema VirtualBox ni bora kuliko Wine. Kweli?

Kwa mashine yenye RAM ya kutosha, ndiyo. VirtualBox huwasha Windows nzima ndani ya dirisha, hivyo programu haijui kama imehamishwa, na hata kidude cha USB unaweza kukikabidhi kwake. Gharama ni mbili: leseni ya Windows bado inahitajika, na mifumo miwili inagawana RAM moja. GB 8 inavumilika, GB 16 ndiyo raha. Chini ya GB 8 usijitese.

Nasoma Tunguu. Nina MacBook ya M1, na somo la ramani linatumia ArcGIS Pro. Nifanyeje?

ArcGIS Pro imetengenezwa kwa Windows tu, na Mac za M1 na zilizofuata hazina tena Boot Camp ile iliyoruhusu kuweka Windows kando ya macOS. Unaweza kuendesha Windows ya ARM (ile ya prosesa za aina ya M1) kwa programu za jamii ya VirtualBox: Parallels, ya kulipia, au UTM, ya bure, ila kwa programu nzito kama hiyo mimi nisingeshauri. Muulize mwalimu wako kama atapokea kazi iliyofanywa kwa QGIS. Ni ya bure, ipo ya Mac, na faili za ramani za shapefile inazisoma bila taabu. Akikataa, nenda maabara ya kompyuta mapema kabla viti havijajaa.

Nikitumia Wine, virusi vya Windows vitanipata? (Chake Chake)

Vinaweza. Faili ya exe yenye virusi nayo ni programu, na kwa kawaida Wine huipa programu diski Z, ambayo ni mlango wa mafaili yako yote ya Linux unayoruhusiwa kuyagusa. Fungua winecfg, yaani mipangilio ya Wine, uiondoe diski hiyo. Na programu zilizovunjwa leseni zinazozunguka kwenye flashi, ziacheni huko huko.

Nina CD ya masomo ya zama za Windows 3.1, Windows 11 inaikataa. (Wete)

Windows ya biti 64, kama hiyo Windows 11, haiendeshi programu za biti 16, kama za zama hizo. Kichekesho ni kwamba Wine kwenye Linux mara nyingi inaziendesha. Ijaribu hiyo kwanza.