Re: Mwananchi anaruhusiwa kuingia kikao cha madiwani Mbeya?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuingia Baraza la Madiwani kuhoji ugawaji wa vizimba vya soko jipya. Kuingia ruksa, kikao cha kawaida cha kila robo mwaka ni cha wazi. Ila utakaa usikilize tu, huna nafasi ya kuongea, na mambo mengi yanakuwa yameshachambuliwa kwenye Kamati ya Fedha.

Kwa hiyo anzia chini. Mbane mwenyekiti wako wa mtaa. Yeye ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Diwani akibeba swali lako kwa maandishi, wataalamu wa jiji watalijibu. Wale tuliokuwepo soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 tunajua, kwenye ugawaji wa vizimba, orodha ya wafanyabiashara waliokuwepo sokoni ndiyo roho. Tunza risiti zako za ushuru, ndiyo ushahidi kwamba ulikuwepo!