Waulize wataalamu: Wastani wa mikondo miwili

SWALI: Darasa la Sita tuna mikondo miwili. Mkondo A una wanafunzi 50, wastani wao wa Hisabati ni 62. Mkondo B una 30, wastani 70. Nilijumlisha 62 na 70 nikagawanya kwa 2, nikapata 66. Mwenzangu alijumlisha alama za mtoto mmoja mmoja, akapata 65. Nani yuko sahihi? Na waliokosa mtihani niwaandikie sifuri?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwenzako, mwalimu. Ulipogawanya kwa 2 uliwapa watoto 30 wa B uzito ule ule wa watoto 50 wa A, ndiyo maana jibu likapanda. Si lazima urudie karatasi zote. Zidisha wastani kwa idadi ya wanafunzi: A 62 × 50 = 3,100, B 70 × 30 = 2,100. Jumla 5,200, gawanya kwa 80, unapata 65. Njia yako ingefaa kama mikondo ingelingana idadi. Ila tumia wastani wenye desimali zake: 61.6 ukiiandika 62, umeiongezea A alama 20 ambazo hakuna aliyezipata.

Sifuri ni alama, apewe aliyefanya mtihani akakosea maswali yote. Asiyefanya haingii kwenye jumla wala kwenye idadi. Tuseme A walifanya 48 kwa wastani wa 62: jumla ni 2,976. Ukigawanya kwa 50 unapata 59.52, mkondo umeshuka karibu alama mbili na nusu kwa kosa la kuhesabu tu. Kwenye Excel acha kisanduku chake kitupu. AVERAGE, fomula yake ya wastani, huruka kitupu, lakini 0 huihesabu.

SWALI: Maziwa ya wiki nzima, kwa lita: 14, 17, 15, 16, 18, 13, 12. Simu inaniambia wastani ni 94.7!
Mfugaji, Njombe

JIBU: Uliandika yote mfululizo hadi 12 ÷ 7. Simu hugawanya kwanza, kwa hiyo iligawanya ile 12 peke yake, kisha ikajumlisha na 93. Bonyeza = upate 105, ndipo ugawanye kwa 7: lita 15. Wastani hauwezi kuzidi namba kubwa kuliko zote, hapa 18. Kwa hiyo 94.7 ilikuwa ya kutupa papo hapo.

Bila simu, kisia 16 uandike tofauti: −2, +1, −1, 0, +2, −3, −4. Jumla −7, kwa siku 7 ni −1. Kwa hiyo 16 toa 1.