Kabla ya Kuagizia Manukato Mapya ya Kampuni za Mitindo

Kila kampuni kubwa ya mitindo ya Ulaya inapotoa manukato mapya, huku kwetu Unguja maagizo humwandama yeyote anayepitia Dubai, naye hurejea na chupa ya bei ya kutisha ambayo aliyeiagiza hajapata kuinusa. Mimi natumia manukato ya aina hii sambamba na udi wa nyumbani, na ushauri wangu ni kuagizia kwanza vichupa vidogo vya kujaribia, viwili au vitatu, kisha uvijaribu hapa hapa katika joto letu.

Kampuni hizi hupenda kutoa manukato mengi kwa mpigo: Armani ilianzisha Armani Privé mwaka 2004, Tom Ford akaja na Private Blend mwaka 2007, na Louis Vuitton ikatoa manukato saba kwa pamoja mwaka 2016. Mnunuzi akizungukwa na chupa zote hizo hunusishwa kwenye kijikaratasi, ndani ya duka lenye kiyoyozi, akaamua papo hapo. Wakati wa Kaskazi mambo huwa mengine kabisa, kwa sababu harufu nyepesi za limau na chungwa hupotea upesi, na zile tamu za vanila hufumka kiasi cha kuwakera abiria wenzako ndani ya daladala. Kwa hiyo jipulize kidogo kwenye kifundo cha mkono asubuhi baada ya kuoga, bila liwa wala mafuta mengine, usisugue, kisha unuse baada ya saa moja na tena alasiri. Harufu iliyobaki alasiri ndiyo unayoilipia.

Kuhusu udi, tahadhari kidogo. Udi halisi hutokana na mti wa Aquilaria ulioshambuliwa na kuvu, nao ni ghali, hivyo manukato mengi yanayobeba jina hilo hutegemea zaidi viambato vya maabara. Oud Wood ya Tom Ford naipenda na kazini huivaa bila wasiwasi, lakini anayetarajia moshi wa chetezo uliokolea kwenye buibui hatoupata humo. Nguo zikishafukizwa, mimi huchagua manukato ya waridi kwa mwilini, maana udi juu ya udi hugombana. Karafuu nayo imo katika Opium ya Yves Saint Laurent tangu mwaka 1977, ingawa mtu wa Wete aliyeanika karafuu zake uani sioni kwa nini ailipie harufu hiyo.

Ukishanunua, usiipange chupa kwenye meza ya kioo mbele ya dirisha, kwani mwanga na joto huharibu manukato. Irudishe ndani ya boksi lake, uiweke kabatini. Kanzu nyeupe pia usiipulizie moja kwa moja, hasa manukato yenye rangi nzito, kwa kuwa doa lake halitoki kirahisi.