Kabla Binti Hajapanda Ndege ya Dubai

Mama zangu wa chama hapo Kayole, Nairobi, mmeniuliza kama namjua yule mama anayetafuta wasichana wa kazi ya saluni huku Dubai, tiketi na viza juu yake, pesa zake atazikata kwenye mshahara. Yeye simjui. Mpango wake naujua vizuri, ni wa kuuza wasichana, na ningekuwa huko ningewazuia hao mabinti mlangoni.

Kazi halali zipo. Mimi nasafisha vyumba hotelini. Mshahara ni mdogo kuliko mnavyodhani, lakini unaingia benki kwa jina langu, na mkataba niliusoma nikiwa bado Nairobi. Wasichana wa mpango kama huo huletwa kwa viza ya matembezi. Ikiisha, msichana hana karatasi, anaogopa polisi kuliko anavyomwogopa anayemshikilia.

Kwenye jengo nililokuwa naishi Deira, mtaa wa hapa Dubai, kulikuwa na msichana wa kwetu aliyezoea kuja kuchaji simu. Siku moja alinionyesha daftari lake la deni. Tiketi imeandikwa mara mbili ya bei yake. Chini yake kitanda, chakula, nywele, mpaka rangi ya kucha aliyonunuliwa ili awapendeze wanaume. Saluni hakuiona hata siku moja. Akikataa mteja, anaandikiwa faini humo humo, na pasipoti imefungiwa kabatini kwa mwenye nyumba. Aliyemtoa Nairobi ni rafiki ya mama yake, wanasali kanisa moja.

Simu yenyewe ilijaa meseji za nyumbani: karo, kodi, dawa za nyanya. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anafanya kazi gani, wapi, kwa nani. Nisameheni mama zangu, lakini hilo lazima niliseme. Tunamsukuma mtoto atume pesa, akirudi mikono mitupu mtaa unamnong'ona. Basi anafunga mdomo, anasema alikuwa saluni. Na aliyemuuza anarudi ploti ile ile kuchukua mwingine.

Kwa hiyo kwenye kikao chenu mpeni nafasi aliyerudi azungumze, na asiulizwe maswali ya kumdhalilisha. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inamkinga mwathiriwa asishtakiwe kwa makosa yaliyotokana na kusafirishwa huko. Alidanganywa akakubali? Kukubali huko hakumwokoi aliyemuuza: ni jela isiyopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Huku Imarati pia kuna sheria yake tangu 2006. Na msidhani ni mambo ya Arabuni tu, maana wasichana kutoka Nepal wamewahi kuokolewa kwenye vilabu vya densi hapo hapo Kenya. HAART Kenya, shirika linalopinga usafirishaji haramu wa watu, wako Nairobi na wanafundisha watu mitaani. Waiteni.

Huyo mama mwambieni alete jina la ajenti wake, mlitafute kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Alete na mkataba wenye jina la mwajiri na mshahara. Viza nipigieni picha mnitumie, nitawaambia ni ya kazi au ya matembezi. Akisema hayo yote yatatengenezwa binti akishafika, pelekeni jina na namba yake kwa DCI, wapelelezi wa jinai, kabla hajahamia mtaa mwingine.