Je, wasafiri wa anga wanaweza kugandishwa na kuamshwa?
Wazo la binadamu kugandishwa kwa miaka mingi akielekea nyota ya mbali, kisha kuamshwa akiwa mzima, linachanganya mambo mawili tofauti: kuganda na kulala usingizi wa baridi, yaani mwili kupunguza sana kasi ya shughuli zake kwa muda mrefu bila kuganda. Kuganda ndiko kugumu zaidi, kwa sababu maji yanapogeuka barafu ndani ya seli, fuwele zake huichana na kuiua. Chura wa misituni wa Amerika Kaskazini huvumilia kuganda kwa kuwa ini lake humwaga glukosi (aina ya sukari) nyingi katika damu, barafu ikajengeka nje ya seli pekee; moyo wake husimama kabisa, na joto linaporejea huanza kupiga tena. Kwa binadamu, kiwango hicho cha sukari kingekuwa hatari kubwa kwa uhai.

Usingizi wa baridi, kwa maoni yangu, una matumaini ya kweli. Lemuri kibeti wa Madagaska mwenye mkia mnene, ambaye yumo pamoja nasi katika oda ya primati (kundi la wanyama lenye nyani, sokwe na binadamu), hulala hivyo hadi miezi 7 akitumia mafuta aliyoyahifadhi mkiani.