Jibu: Insha ya fasihi inarudishwa na maoni "unasimulia tu"

Habari ndugu. Umesema insha zako za kozi ya fasihi ya Kiingereza zinarudi na maoni yaleyale, "unasimulia hadithi, huchambui", ingawa sarufi yako haina shida.

Kwanza kagua sentensi ya kwanza ya kila aya. Ikianza na tukio, aya nzima itafuata mtiririko wa hadithi, na hapo ndipo alama zinapopotea. Ianze na dai ambalo msomaji mwingine anaweza kulipinga. Chukua riwaya ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe. Kusema Okonkwo, mhusika mkuu, anamuua Ikemefuna, kijana aliyekuwa akiishi nyumbani kwake, ni kusimulia. Hata kuongeza kwamba aliogopa kuonekana dhaifu hakutoshi, maana msimulizi mwenyewe ameshatuambia. Uchambuzi unaanza ukiuliza kwa nini sababu hiyo imewekwa mara tu baada ya pigo, tena kwa sentensi fupi kabisa. Hapo umepata jambo la kujengea hoja.

Ukishanukuu, usikimbilie aya nyingine. Mimi hukaa na nukuu kwa sentensi mbili tatu, nikigusa maneno yenyewe yaliyotumika. Matukio ya kitabu yaeleze kwa wakati uliopo, ndiyo desturi ya insha hizi kwa Kiingereza. Kuhusu marejeo, soma maelekezo ya kozi yako ujue wanataka mtindo gani wa kutaja vyanzo, MLA au APA: ndani ya insha, MLA hutaka jina la mwandishi na ukurasa, APA hutaka na mwaka pia.

Utangulizi uandike mwisho, ukishajua hoja yako imefika wapi. Na kama hutajali, weka hapa aya moja tuipitie pamoja.